Siku tulihesabu ma-if kwa kalamu

Hii ni ya Bukavu, mwaka 2019, nilikuwa nafanya kazi kwenye biro moja ndogo ya Ibanda, tulikuwa tunatunza programu ya watu wa maboti, ile inayopiga bei ya mizigo kati ya Bukavu, Idjwi na Goma, kwenye Ziwa Kivu. Na kama hujawahi kupakia mzigo pale bandarini usifikiri bei ni kilo mara franka basi imeisha. Kuna mzigo wa gunia na kuna wa kilo, mbuzi anahesabiwa kwa kichwa, kuna nanasi za Idjwi, viazi na maharagwe kutoka Goma, sementi, kuna mteja wa kila wiki anapunguziwa, kuna anayelipa dola na anayelipa franka kwa kiwango cha siku ile. Yote hayo yalikaa ndani ya fonksioni moja, yaani kipande kimoja cha programu. Moja! Lugha ya Python, mistari karibu mia nne, na ma-if, yale masharti ya "kama ni hivi, fanya hivi", zimeingia ndani ya ma-if mpaka mistari mingine inaanzia katikati ya ekrani.

Aliyeiandika ni mkubwa wetu wa kazi, wote tulimwita Yaya, mtu ana akili sana, ile kitu aliijua yote kichwani. Sasa shida ni kwamba ilikuwa kwenye kichwa chake tu. Akipanda boti ya Goma na programu ikatoa bei ya ajabu, sisi tunakaa tunamngoja arudi.

Siku hiyo delestaji, ule mgao wa umeme, ilianza asubuhi, betri za ordinateri zimekufa, jenereta haina mafuta, na bosi anataka tuongeze bei ya sambaza waliokauka. Tulikuwa na ile fonksioni kwenye makaratasi, ilikuwa imechapwa zamani kwa sababu nisizozijua. Nikamwambia Yaya, tuhesabu. "Tuhesabu nini?" Nikamweleza habari ya Thomas McCabe, Mmarekani aliyetoa kipimo chake cha ugumu wa programu mwaka 1976: unaanza na moja, halafu kila mahali njia inagawanyika, if, au for na while zinazorudia kazi, unaongeza moja. Namba unayopata ni idadi ya njia zinazojitegemea ndani ya fonksioni, yaani inakuonyesha pia utahitaji testi ngapi ili njia zote hizo zipitiwe. Na alipendekeza isizidi 10.

Yaya akacheka sana. "Kumi? Weye, kumi ninaimaliza kwa mbuzi peke yake."

Tukaanza, stajeri wetu, kijana aliyekuja kujifunza kazi, anachora alama nyekundu, mimi nasoma kwa sauti, Yaya amekunja mikono. Tukafika 52. Stajeri akauliza, na hizi and na or tunaziacha? Swali zuri, maana McCabe mwenyewe anahesabu sharti lililounganishwa kwa and kama masharti mawili. Tukarudi mwanzo, ikawa 61. Jioni umeme ukarudi, tukapitisha Radon, kile chombo cha Python kinachofanya hesabu hii, kinatoa herufi kuanzia A, ambayo ni 1 mpaka 5, hadi F inayoanzia 41. Ikasema F, 61.

Yaya hakuipenda ile F hata kidogo. Akasema, "Bei za boti njo ngumu, si mimi." Na kwa kweli alikuwa na haki nusu, masharti ya biashara hakuna wa kuyafuta, mbuzi ni mbuzi na dola ni dola.

Stajeri akachukua kazi kwa hamu ya kijana. Akaikata ile fonksioni vipande vipande, kila kimoja chini ya 10, akavipa majina sehemu_1, sehemu_2, kuendelea, na kila kimoja kinapokezana vigeuzi tisa na mwenzake. Radon ikatoa A na B tupu. Kusoma sasa, hapana! Kujua bei ya gunia moja la maharagwe unaruka faili nzima juu chini, mimi naona ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, angalau mwanzo ulikuwa unashuka tu. Ndiyo udhaifu wa kipimo cha McCabe, if tatu zilizofuatana na if tatu zilizoingiana kwake ni kitu kimoja, zote 4, ila kichwa cha msomaji kinajua tofauti. Watu wa SonarSource, kampuni ya vyombo vya kukagua programu, miaka mingi baada ya McCabe walitoa kipimo kingine kinachoongeza adhabu kila if inapoingia ndani ya nyingine, na hicho kwangu kinakaribia zaidi uchovu wa kweli.

Yaya ndiye aliyetuokoa. Kwanza akasema hakuna kugusa kitu kabla ya kutoa faktire za zamani kwenye sanduku, tuziingize kama testi, bei itoke ileile. Halafu makosa yote, mzigo bila uzito, bandari isiyojulikana, yakarudishwa juu kabisa, fonksioni inakataa na kutoka hapohapo, na zile ngazi za ma-if zikaporomoka. Halafu bei zenyewe tukazitoa kwenye ma-if tukaziweka kwenye diksioneri, mzigo, safari, bei, mistari imepangwa kama daftari la duka. Fonksioni iliyobaki ikawa 7.

Mama kontabule, yule wa mahesabu ya pesa, akapita nyuma yetu, yeye programu hajawahi kusoma, akainama kwenye ekrani. "Nani alisema mbuzi wa Idjwi analipa sawa na mbuzi wa Goma?" Tukanyamaza. Idjwi ni katikati ya ziwa, safari ni fupi, na wale watu walikuwa wanalipishwa safari nzima tangu programu ianze.

Nikataka kubadilisha palepale. Yaya akanishika mkono: "Leo tunahamisha tu. Bei ya mbuzi ni kesho, peke yake, na Mama atasaini."

Kesho yake Mama akasaini kweli, na akatuletea karatasi ya bei nyingine nne za kurekebisha.