Macho mekundu ya bibi jirani

Jamani, hili siwezi kukaa nalo kimya. Huku Igombe, Mwanza, nina jirani, bibi mtu mzima, watu wanamwita mchawi kwa sababu ya macho yake mekundu. Nilipohamia tu nilionywa nisimsogelee. Mwanangu alipozidiwa na homa usiku, baba yake yuko ziwani kwenye dagaa, bibi alisikia kilio akaja kugonga. Alimpakata mtoto, akimkanda kwa kitambaa cha maji, mpaka nilipopata bodaboda ya kutupeleka zahanati.

Sasa jikoni kwake naingia kama kwangu. Kijumba cha udongo kisicho na dirisha, mafiga matatu, kuni mbichi. Ukikaa kidogo tu machozi yanakutiririka. Yeye kapika humo tangu akiwa mwali! Ni moshi, ndugu zangu. Na huku Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho kama hayo. Inaniuma mno.

Juzi nimempelekea mkaa, akanifungia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Hata mama aliyenionya kaniuliza, "Bibi anaendeleaje?"

Jumamosi tunamtobolea dirisha jikoni. Mwenye nondo au wavu wa ziada aje inbox.