Mpe mtoto maneno, kiumbe atamchora mwenyewe

Ombi langu kwa mzazi au mwalimu yeyote anayetaka kuchora viumbe wa hadithi na watoto ni moja tu: picha weka pembeni kwanza. Usishike simu, usifungue intaneti ukamtafutia joka la katuni halafu ukamwambia haya chora. Msomee maelezo, mara mbili tatu, polepole, kisha nyamaza umwachie penseli. Mtoto akishaona picha ya mtu mwingine basi imeisha hiyo, atahangaika kuigiza ile mistari na baada ya dakika chache atakwambia mimi sijui kuchora. Lakini akichora kutoka kwenye maneno hakuna wa kumwambia amekosea, maana hata wewe mkubwa hujawahi kumwona huyo kiumbe.

Mimi napenda kuanza na joka la Kichina kwa sababu Wachina wa zamani walishatuachia maelezo yake kiungo kwa kiungo: pembe za kulungu, kichwa cha ngamia, masikio ya ng'ombe, shingo ya nyoka, magamba ya samaki, kucha za tai, nyayo za chui milia. Yaani hapo kila kipande mtoto anakijua au anaweza kukikisia, kazi inabaki kwenye kuunganisha, na kuunganisha ndiyo sanaa yenyewe. Kuna mtoto nilimwangalia akifuta pale kichwa cha ngamia kinapokutana na shingo ya nyoka, anafuta anachora anafuta tena mpaka karatasi ikaanza kutoa unyoyaunyoya, kisha akaacha kufuta, akachora ndevu nyingi sana zikafunika maungio yote. Hakuna aliyemfundisha. Na ukiwaangalia majoka ya kweli ya Kichina kwenye vyungu na hariri utayakuta yana ndevu na manyoya shingoni vilevile, sasa mwonyeshe hizo picha, sasa ndio wakati wake, uone jinsi atakavyofurahi kukuta fundi wa zamani naye alipita njia hiyohiyo. Mwambie pia ahesabu kucha, kwa sababu joka la mfalme wa China lilikuwa na kucha tano kila mguu na watu wa kawaida hawakuruhusiwa kulivaa.

Halafu mletee joka la Ulaya. Huyu anatema moto na kulalia hazina, mwenzake wa China anaishi majini na ndiye analeta mvua. Watoto wataanza kubishana wenyewe nani atashinda, nani mbaya nani mzuri, waache wabishane kwenye karatasi moja kubwa, kila mmoja na upande wake.

Kama una mtu anayesema kuchora bila kuona ni kupoteza muda, mwambie habari za Albrecht Dürer, mchoraji wa zamani wa Ujerumani. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon, Ulaya ilikuwa haijamwona mnyama huyo kwa zaidi ya miaka elfu. Dürer alikuwa Nuremberg, mbali kabisa, hakumwona, alichopata ni maelezo ya barua na mchoro mdogo tu. Akachora kifaru mwenye ngozi kama vipande vya deraya ya askari, misumari na yote, na kipembe kingine kidogo juu ya mabega ambacho kifaru hana. Mchoro huo ulichapwa na kuchapwa tena, na watu wa Ulaya wakaendelea kuamini kifaru yuko hivyo kwa zaidi ya miaka mia mbili. Watoto nikiwaonyesha huu mchoro huwa wanakimbilia kutafuta kile kipembe cha ziada, na wanaelewa bila maelezo marefu kwamba viumbe wengi wa hadithi wamezaliwa hivihivi, mtu kasikia, mtu kajazia.

Ila kiumbe anayependwa kuliko wote ni kappa wa Japani. Anaishi mitoni na kwenye madimbwi, kimo chake ni cha mtoto, mgongoni ana gamba kama la kobe, vidole vina utando, anapenda sana matango, na utosini ana kishimo kama kisahani chenye maji. Hayo maji ndiyo nguvu zake, yakimwagika amekwisha. Na kwa vile ana adabu sana ukimwinamia naye atakuinamia, maji yakamwagika, ukapona. Nilipomaliza kusoma mtoto mmoja akauliza, sasa huyu analalaje? Swali zuri mno. Wote wakaacha walichokuwa wanafanya, mmoja akamchora kappa amelala wima ameegemea jiwe, mwingine akamvalisha kofia yenye kamba chini ya kidevu, mwingine akamlaza chini ya maji kabisa ili asimwage chochote. Mimi hapo sikuwa na la kuongeza. Kwa hiyo siku hizi simalizi kiumbe bila kuuliza analala wapi, anakula nini, na anaogopa nini, na majibu wanayaandika nyuma ya karatasi. Hilo la anaogopa nini ni la muhimu kwa mtoto mwenye hofu ya giza, kwa sababu zimwi lenye hofu zake lenyewe linaingilika, unaweza kuongea nalo.

Kitu kingine, taja kila kiumbe anatoka wapi. Usiseme tu "jitu la kutisha", sema hawa ni watu gani wanaomsimulia na bado wanamsimulia au la. Kuna viumbe ambao si hadithi za kuchezea kwa wenyewe, kama Nyoka wa Upinde wa Mvua kwa wenyeji asilia wa Australia, huyo kwa jamii nyingi za kule ni sehemu ya dini na ya ardhi yao. Mimi huyo huwa nawasimulia watoto kwa heshima na tunatazama kazi za wachoraji wa huko wenyewe, hatumgeuzi kibonzo.

Mkishachoka na karatasi bapa nendeni Meksiko. Pedro Linares alikuwa fundi wa sanamu za karatasi na gundi jijini Mexico City, inasimuliwa kwamba mwaka 1936 aliumwa sana akaota msitu uliojaa wanyama wa ajabu, punda mwenye mabawa ya kipepeo, jogoo mwenye pembe za fahali, wote wakipiga kelele neno moja, alebrije! Alipopona akaanza kuwatengeneza. Hapo mtoto ana ruhusa ya kuchanganya anavyotaka, na rangi zisionewe huruma, madoa juu ya mistari juu ya madoa. Tengenezeni kiwiliwili kwa magazeti yaliyokunjwa na kufungwa kamba, bandikeni vipande vya karatasi kwa uji wa unga, tabaka likauke kabla ya kuweka jingine, na mabawa yatieni waya ndani mapema kabisa kwa sababu uji peke yake hauwezi kubeba bawa, litainama usiku na asubuhi mtoto atakuta limelala.