Mkesha wa Mama, Stand Off

Mama alizikwa Novemba 2017 huko Stand Off, kusini mwa Alberta, Kanada, kwenye ardhi ya watu wa Kainai. Namwita Mama kwa sababu sikuwahi kumwita vinginevyo. Alikuwa rika la mama yangu mzazi, na sisi tuliolelewa Tanga hatumwiti mtu mzima kwa jina lake. Naye aliitikia tangu usiku wa kwanza tulipopangiwa shifti moja kwenye nyumba ya wazee mjini Lethbridge, bila kuniuliza kwa nini.

Kainai ni moja ya mataifa ya Blackfoot. Ndugu zao Siksika na Piikani wako hukohuko Alberta, na wengine, wanaoitwa Blackfeet, wako Montana, Marekani, kwa sababu mpaka ulipochorwa haukuuliza nani ni shangazi ya nani. Mimi ni Mdigo. Nusu ya ukoo wetu iko Kenya. Jambo hilo nililielewa bila kuelezwa, na nadhani ndilo lililotufanya tuanze kuzungumza usiku, wazee wakishalala.

Mama ndiye aliyenifundisha kazi. Cheti nilikuwa nacho, lakini kumgusa mtu aliyezeeka nilijifunza kwake. Taulo huchovywa kwanza kwenye maji ya moto, hukamuliwa, kisha unaijaribu ndani ya kiwiko chako mwenyewe. Unaanza na mikono, uso baadaye, maana mtu akiguswa uso ghafla usingizini hushtuka, na wengi wa wazee wale walishatiwa hofu za kutosha utotoni. Unasema kila unachotaka kufanya kabla hujakifanya, hata kama mzee hakumbuki tena jina lake. Kwa wazee wa Kainai alisema lugha yao, polepole, mdomo karibu na sikio. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye faili lake liliandikwa kuwa hazungumzi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na shuka mkononi nilipomsikia akimjibu Mama sentensi ndefu, kisha wote wawili wakacheka.

Wenye nywele ndefu aliwasuka alfajiri kabla shifti haijaisha, na kila mara aliomba ruhusa kwanza. Nywele zilizobaki kwenye kitana hakuzitupa pipani. Alizitia kwenye bahasha, akaandika jina la mwenyewe, ili watoto wake wakija waamue wao la kuzifanyia. Sisi watu wa ughaibuni kazi hii tunaihesabu kuwa kubeba boksi, na wapo wanaoificha hata kwa ndugu zao nyumbani. Natamani wangemwona Mama na kile kitana.

Yeye mwenyewe alichukuliwa kwao akiwa na miaka sita, akapelekwa shule ya bweni iliyoendeshwa na kanisa. Ndiyo ilikuwa sera ya serikali ya Kanada kwa miongo mingi. Zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili walipitishwa kwenye shule hizo, wakanyolewa nywele, wakaadhibiwa kwa kusema lugha zao. Juni 2008 waziri mkuu aliomba radhi bungeni. Mama aliitazama hotuba ile akiwa kazini, kwenye televisheni ya ukumbi wa wazee, ameshika mkono wa bibi mmoja aliyelia mwanzo hadi mwisho. Hotuba ilipokwisha alimpeleka bibi yule chumbani akambadilisha blauzi, kwa sababu ilikuwa imelowa kifuani. Kuhusu bweni lake mwenyewe alisema machache sana. Alichorudia zaidi ya mara moja ni kwamba usiku wasichana wakubwa waliamka kuwafunika wadogo blanketi, na kwamba ukafika wakati akajikuta mkubwa ni yeye.

Aliolewa na mfugaji wa farasi, mtu mpole, mwenye maneno machache. Walizaa watoto watano na kulea wengi zaidi. Machi 2015 uongozi wa Kainai ulitangaza hali ya dharura kwa sababu ya fentanyl, dawa kali ya kulevya iliyokuwa ikiwamaliza vijana. Hapo nyumba ya Mama ikajaa wajukuu, wa kwake na wa majirani, magodoro yakawa mengi kuliko viti. Akitoka shifti aliendesha gari kutoka Lethbridge mpaka Stand Off, akawapandisha watoto basi la shule, ndipo akalala. Kisha figo zikachoka. Miezi yake ya mwisho ilikuwa ya kwenda mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, mumewe, tuliyemwita Mzee, akimwendesha kwenye barafu na kumsubiri nje kwenye gari.

Binti yake mkubwa ndiye aliyenipigia simu. Nilikwenda na sukari na majani ya chai, kanga nimejifunga chini ya koti, kwa desturi ya kwetu ya kutokwenda msibani mikono mitupu. Mwili ulikuwa umeletwa ukumbi wa jumuiya, jeneza limefunikwa blanketi la sufi lenye mistari ya rangi, na jamaa wamelizunguka. Kwao marehemu haachwi peke yake mpaka azikwe. Watu hukesha naye, wakipokezana kulala kwenye magodoro pembeni, na mlango haufungwi. Ndugu kutoka Browning, Montana, walikuwa wameshavuka mpaka na kuwasili. Mzee mmoja alipita na nyasi tamu zilizosukwa, zinafuka moshi, kila mtu akauvuta kwa viganja na kujipitishia kichwani na kifuani. Harufu yake ilikuwa tamu na nzito, ikanikumbusha ubani wa nyumba ya bibi yangu Muheza.

Nilipotaka kukaa viti vya nyuma, binti mkubwa alinishika mkono akanipeleka jikoni, akanipa kisu na ndoo ya viazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; mimi jembe nilipewa hata koti sijavua, na sijapata heshima kubwa kuliko hiyo tangu nifike nchi ile. Kwetu ukaribu na marehemu unaonekana mahali ulipo mtu. Wa mbali wako turubaini, wa karibu wako jikoni na macho yanawasha kwa moshi. Tulimenya, tukakata nyama ya ng'ombe ya supu, tukakanda unga wa mkate wao, bannock, unaokandwa bila hamira na kukaangwa mafutani au kuokwa. Wanawake wale walizungumza habari za Mama bila kushusha sauti. Mmoja alisimulia jinsi alivyomfuata hospitali alipojifungua kabla ya wakati, akakaa naye wiki nzima. Mwingine alisema Mama alimfukuza mumewe mlevi mlangoni kwa ufagio, na asubuhi yake akampelekea mlevi huyohuyo uji. Kila aliyeingia kuchukua kahawa aliacha kisa chake, akarudi ukumbini.

Baada ya rozari na nyimbo za kanisa zilizoimbwa kwa lugha yao, Mzee alisimama. Nilitoka jikoni nikasimama ukutani na mikono yenye unga. Alisema mama yake mzazi alilala kitandani miaka tisa kabla ya kufa, na kwa miaka yote tisa aliogeshwa na mkewe. Yeye mwenyewe hakumwogesha mama yake hata siku moja. Halafu mkewe naye akalala, ikabidi ajifunze uzeeni, na aliyemfundisha ni mgonjwa mwenyewe, yuko kitandani anamwelekeza: maji ya moto, kamua, jaribu kwanza kwenye kiwiko. Hapo Mzee akapandisha mkono wa shati, akainua kiwiko chake tukakiona. Hakuongeza neno. Mimi, binti mkubwa na mhudumu mwingine mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi tulitazamana, maana sote watatu somo lile tulipewa kwa maneno yaleyale.

Watu hueleza habari za mashujaa kwa vita na safari zao. Usiku ule nilisikia mtu akielezwa kwa maji ya kuogeshea na mashuka, kwa saa nyingi, mbele ya ukumbi uliojaa, na hakuna aliyesinzia. Nimehudhuria misiba mingi ya wanawake wa kwetu waliolea vivyo hivyo, na wasifu wao ukasomwa kwa dakika mbili: alizaliwa, aliolewa, ameacha watoto kadhaa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Usiku wa manane nilitoka kumwaga maji machafu pamoja na mjukuu wake mmoja, kijana wa miaka kumi na mitano hivi. Mbingu ilikuwa safi, nyota zimeshuka karibu na paa. Alinionyesha ukanda mweupe unaokatisha mbingu, akasema kwao unaitwa Njia ya Mbwamwitu. Nami nikamwonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota, nikamwambia wakulima na mabaharia wa pwani yetu husema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alifurahi sana, maana Kilimia anakijua kwa hadithi ya bibi yake.

Zamani, alisema, ndama wa nyati walipozaliwa wakiwa bado na manyoya yao ya rangi nyekundu, wawindaji waliwaletea watoto wao ngozi hizo laini za kujifunika. Watoto sita wazazi wao walikuwa fukara, hawakuletewa. Wenzao wakawacheka kwa ngozi zao kuukuu zilizopauka. Wakaona haya, wakaondoka kambini, wakapanda mbinguni wasirudi, na ndio zile nyota zilizosongamana. Ndiyo sababu hazionekani majira ya kuchipua, wakati ndama wana rangi ile. Kijana alinyamaza kidogo, akasema kila Bibi alipoimaliza hadithi hii alimgeukia mtoto aliyekuwa karibu naye akampima mabega kwa viganja.

Hapo nilielewa yale makoti. Kila mwaka kabla theluji haijaanguka Mama alikuja kazini na furushi, na saa yetu ya mapumziko aliitumia kushona. Alikuwa akinunua mablanketi ya sufi ya mitumba, akiyakata makoti ya watoto yenye kofia, kwa mtindo ambao watu wa nyanda zile wamevaa tangu siku za biashara ya manyoya. Mimi nilidhani anauza.

Asubuhi upepo wa chinook ulikuwa umeanza kuvuma kutoka milimani, ule wa joto unaokula theluji ya siku nyingi kwa saa chache. Makaburini tope lilikuwa linanata kwenye viatu, na upande wa kusini-magharibi ulionekana mlima Ninaistako, umesimama peke yake mbele ya safu nzima. Padri aliomba. Kisha mzee wa Kainai akasema kwa lugha yao na kwa Kiingereza. Alisema mababu wa mwanamke huyu walikuwapo Septemba 1877 mkataba kati ya watu wao na Malkia wa Uingereza ulipowekwa saini Blackfoot Crossing, kwamba mengi ya ahadi za siku ile hayakutimizwa, na kwamba watu wamebaki hai kwa sababu ya wanawake wa namna hii. Kwa wazee wa zamani marehemu huenda Vilima vya Mchanga, upande wa mashariki, wanakoishi waliotangulia. Kwa padri amekwenda mbinguni. Mimi nilisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na bibi aliyesimama kando yangu akasubiri nimalize kabla hajanishika mkono. Ngoma ikapigwa, wanaume wanne wakaimba wimbo wa heshima kwa sauti za juu sana. Wajukuu walifukia kaburi kwa zamu, koleo likipita mkono hadi mkono, hata wadogo waliposhindwa kulinyanyua waliachwa wajaribu. Mzee hakutaka kukaa kwenye kiti alicholetewa.

Tukarudi ukumbini kula. Supu ya matunda iligawiwa mwisho. Inapikwa kwa saskatoon, matunda madogo ya zambarau ya porini, na Mama alikuwa ameyachuma mwenyewe kiangazi kilichopita, akayagandisha kwenye jokofu. Kabla ya kula kila mmoja alichukua tunda moja, akaliombea, likarudishwa ardhini. Nilifanya kama wao.

Baada ya chakula familia iligawa vitu. Kwao anayefiwa ndiye anayetoa, mablanketi, vikombe, vitambaa, kila mtu asitoke mtupu. Binti mkubwa alipofika kwetu sisi wa jikoni alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Ndani mlikuwa na makoti ya mwaka ule, yamekatwa tayari na kubanwa kwa pini, hayajashonwa. Aliyagawa moja moja. La kwangu lilikuwa la blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, dogo kabisa.

Nikamwuliza la nani. Akanionyesha kwa midomo kitoto kilichokuwa kinatambaa chini ya meza na kipande cha mkate.

"Nimtilie vifungo?" nikauliza.

"Tia zipu," akasema, "huku upepo mkali. Na mikono usiikate, dada, anakua haraka huyu. Jumamosi ukiwa huna shifti lilete tumpime."