Pafu la ng'ombe ndilo lililoniamulia chakula cha mbwa wangu

Hapa Mwanza utaambiwa mbwa wa ulinzi asipokula nyama mbichi hawi mkali. Mimi siamini; ukali ni malezi. Ila hoja ya ubichi niliipima kweli, maana nyama ikipikwa inapoteza baadhi ya virutubisho, na mbichi haili mkaa.

Kilichoniamulia ni pafu. Muuza bucha alinikatia kipande, "Hili la mbwa, dada, nakupa bei ya bure." Nilipoligeuza nikaona vifuko viwili vyeupe vimejaa maji, kimoja kama gololi. Daktari wa mifugo akanieleza: humo mna vichanga vya tegu, minyoo bapa ya tumboni. Mbwa akila pafu au ini la hivyo likiwa bichi, tegu wanakulia kwenye utumbo wake na mayai yanatoka na kinyesi. Mtoto akimshika mbwa halafu akala bila kunawa, vifuko vilevile vinaota kwenye ini lake au mapafu yake. Nina watoto wadogo. Basi, tukaanza kupika.

Dagaa nanunua soko la Mwaloni, Kirumba. Waliokaushwa chini wanabeba mchanga, kwa hiyo nawaosha kwa maji ya uvuguvugu mpaka maji yatoke safi. Nyama au pafu (lenye vifuko silinunui tena) nachemsha mpaka wekundu uishe ndani, naongeza dagaa, nasongea dona humohumo au naweka michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), mchicha mwishoni. Kitunguu hapana, saumu hapana: vyote vinaharibu damu ya mbwa. Chumvi pia siweki.

Kichwa cha sangara kina kazi. Nachemsha, nachuja supu, kisha nachambua minofu kwa vidole, mwiba mmoja mmoja. Mifupa iliyopikwa siwapi kabisa, inapasuka ncha kali na inaweza kutoboa utumbo.

Dagaa wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo kalsiamu ipo. Siku za nyama tupu nasaga maganda ya mayai makavu yawe unga laini, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama. Hiyo ni kama gramu 1 ya kalsiamu.

Dawa ya minyoo sijaiacha, kwa sababu mbwa akitoka getini anaokota chochote. Naificha ndani ya tonge la dona lenye dagaa, wanameza bila kutafuna.