Nyuso za watu, maji ya chumvi na sabuni za chini ya elfu kumi

Kazi yangu ni kuosha nyuso za wanaume. Kinyozi akishachonga ndevu na kufuta shingo kwa spiriti, mteja anahamia kwenye kiti changu, analala chali, namfunika taulo kifuani, halafu tunaanza: kuosha, skrabu, stima ya mvuke, masaji, taulo la moto. Kwetu Mbagala saluni ya kiume isiyo na dada wa skrabu watu wanaipita, hata kama kinyozi ana mkono wa dhahabu.

Sasa mteja akishajitazama kwenye kioo na kuona uso unang'aa, swali ni lile lile: "Dada, nyumbani nitumie nini?" Na anayeuliza si mtu wa kwenda kununua chupa ya laki. Ni konda, ni bodaboda, ni fundi welding wa hapo ng'ambo ya barabara. Ana elfu tano, na wiki ikimwendea vizuri ana elfu kumi. Ndiyo maana mwaka huu nimekuwa kila nikifika Kariakoo narudi na kichupa kimoja cha bei ya kawaida, najaribia uso wangu mwenyewe. Shavu la kushoto naosha na hiki, la kulia na kile, wiki kadhaa mfululizo. Siku mbili tatu hazikwambii kitu, maana karibu kila sabuni mpya inapendeza siku ya kwanza.

Nieleze uso wangu kwanza ili mjue nazungumzia ngozi gani. Paji na pua vina mafuta, mashavu yanakauka, na kidevuni chunusi zinakuja kwa ratiba ya mwezi. Rangi yangu ni nyeusi ya Kilwa. Ngozi ya aina hii ina kinyongo: ukiikwaruza leo, kidonda kinapona, lakini doa jeusi linabaki miezi. Kwa hiyo mimi sabuni siipimi kwa inavyong'arisha. Napima inaniachia nini.

Jambo ambalo video za mitandaoni hazisemi ni maji. Yule dada wa kwenye video anafungua bomba la maji laini, sabuni inatoa povu kama yote. Mimi nyumbani natumia maji ya kisima, yana chumvi, ukichemshia chai unaisikia. Maji yenye madini mengi, hasa kalsiamu na magnesiamu, yanagombana na sabuni ya kawaida. Badala ya povu unapata ule utando mweupe unaoganda pembeni mwa beseni. Utando huo huo ndio unaobaki usoni. Ukipitisha ukucha pembeni ya pua baada ya kuosha, unatoka na kitu kama nta. Watu wanadhani ni uchafu uliobaki, wanaongeza sabuni, na hali inazidi.

Basi sabuni ya mche nimeiweka pembeni kabisa kwa uso. Najua kuna watu wameogea hiyo tangu utotoni na nyuso zao ziko safi, hongera zao. Lakini sabuni ya kipande ya kawaida ina pH, yaani kipimo cha uchachu, ya kwenye 9 au 10, wakati ngozi yenyewe inapenda kukaa kwenye 5 hivi, upande wa uchachu kidogo. Unaposikia uso umekubana baada ya kuoga, mpaka ukicheka midomo inavutika, ngozi inalalamika, na wenye mafuta mengi wakishakauka hivyo wanaishia kuosha tena saa sita, na tena jioni. Sabuni za dawa za kipande, zile za kuua vijidudu, nazo ni sabuni tu. Mguuni sawa. Usoni, hapana.

Sabuni za uso za majimaji, zile za kwenye tyubu, nyingi si sabuni kwa maana ya mafuta na magadi. Zimetengenezwa kwa vitoa povu vingine visivyogombana na madini, ndiyo maana hata kwenye maji ya kisima zinatoka zote ukisuuza. Hapo ndipo pesa yako inafanya kazi, hata ikiwa ndogo. Kwa muda mrefu nimekuwa na ile jeli ya kijani ya mwarobaini ya kampuni ya Himalaya. Inatoka India, imejaa Kariakoo, na tyubu ndogo inaingia kwenye bajeti ya konda. Kiasi cha punje ya harage kinatosha uso mzima. Inaondoa mafuta ya mchana kweli, na inasuuzika. Kwa mashavu yangu makavu ni kali kidogo, kwa hiyo naitumia usiku tu, asubuhi naosha na maji matupu. Kwa bodaboda anayerudi na moshi na vumbi la barabara ya Kilwa usoni, mimi namwandikia hiyo bila kusita.

Kuna nyingine niliyonunua kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa: mkaa, vitamini C, kolajeni, vyote ndani ya tyubu moja ya bei ya soda mbili. Jina nalihifadhi. Geuza tyubu usome nyuma. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, na kwenye hii tyubu majina hayo makubwa yote yalikuwa mwishoni kabisa, nyuma ya manukato na rangi. Mkaa ule ulikuwa wa kupaka rangi tu. Na hata kama vitamini C ingekuwa nyingi, kitu kinachokaa usoni nusu dakika na kwenda na maji kina nafasi gani ya kufanya kazi?

Tofauti ni asidi ya salisiliki. Hiyo inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia kwenye vitundu vilivyoziba, na ndiyo maana iko kwenye sabuni nyingi za chunusi, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 2. Ukiiacha usoni dakika moja hivi kabla ya kusuuza inasaidia. Kidevu changu kilitulia nayo. Sikusema kimepona, kimetulia. Maduka ya dawa pia wanauza benzoili peroksaidi, nayo ni nzuri kwa chunusi zenye usaha, anza na asilimia 2.5. Ila jueni inachujua nguo. Saluni tuna mataulo ya bluu, na mawili yana mabaka ya rangi ya chungwa yenye umbo la kidevu cha mtu. Mwenye saluni aliuliza nani amemwaga jiki.

Haya, skrabu. Hapa ndipo ninapogombana na wateja.

Wanaume wanaamini skrabu ni nguvu. Yule fundi welding wetu kila Jumamosi ananiambia, "Sugua bwana dada, mimi ngozi yangu ya chuma." Namjibu, "Kaka, chuma ndicho kinachopigwa msasa. Wewe ni nyama." Anacheka, lakini nikilegeza mkono analalamika hajapata thamani ya hela yake. Halafu wiki ijayo anakuja na madoa kwenye mifupa ya mashavu na kuniuliza dawa ya madoa.

Ninachofanya ni hiki. Skrabu yoyote, kabla sijaigusisha uso wa mtu, naweka kidogo ndani ya mkono, pale kwenye kiwiko, nasugua kwa kidole kimoja kwa mzunguko mara chache kisha natazama kwenye mwanga wa dirishani. Zile zenye punje za maganda magumu ya lozi au kokwa za matunda zilizosagwa zina kona. Unaziona kwa macho, moja ndefu, moja kama kipande cha kigae. Zikikwaruza kiwiko, usoni zitafanya zaidi. Kuna kopo kubwa la saluni tulikuwa tunalitumia, kilo nzima kwa bei ya kutupa, na mimi ndiye niliyemwambia mwenye saluni lisirudi tena. Punje za duara ni laini zaidi, ila nyingi zilikuwa za plastiki. Marekani walipitisha sheria ya kuzikataza kwenye vipodozi vya kusuuza mwaka 2015, Uingereza wakakataza mwaka 2018, kwa sababu zinapita kwenye mifereji mpaka baharini. Ukiona neno polyethylene kwenye orodha ya viambato vya skrabu, ndizo hizo. Mtaro wetu wa Mbagala hauna hata chujio la kuzizuia.

Ya bei nafuu kuliko zote niliyoipenda haikutoka dukani kwa vipodozi. Ni unga wa dengu. Kijiko kimoja, mtindi usio na sukari mpaka uwe uji mzito, unapaka kwenye uso uliolowa, unasubiri kidogo lakini usiache ukauke mpaka upasuke, kisha unalowesha vidole na kuuzungusha taratibu huku unautoa. Chembe zake zikishalowa hazina kona. Unatoa ngozi iliyokufa na mafuta pia, na mashavu hayabani. Mara moja kwa wiki inatosha. Chekecha kwanza, unga wa mashineni unaweza kuwa na mchanga.

Bibi yangu Kilwa yeye ni liwa. Kipande cha mti, jiwe, matone ya maji, anasaga kwa mkono wa kulia huku anaongea na majirani mpaka upatikane uji wa rangi ya maziwa ya chai, anapaka na kukaa nao barazani. Unapoza, unanukia, na ukikauka unautoa kwa kusugua kidogo. Niliupeleka saluni. Mteja wa kwanza aliunusa akakunja uso: "Nitarudi nyumbani nanukia bi harusi, mke wangu atauliza maswali." Nikaurudisha kwenye mkoba.

Sukari na mafuta ya nazi tumieni kwenye viwiko, visigino na midomo. Usoni punje ya sukari ni kali mpaka iyeyuke. Mashapo ya kahawa sawa, kama imesagwa laini sana, na muwe tayari kuzibua sinki. Manjano yanapendeza ngozi lakini yanapaka kila kitu. Mteja mwenye shati jeupe simpaki, kola ikishashika njano hiyo kuitoa ni kazi.

Ndimu naomba tuachane nayo kabisa. Najua bibi na mama wa kila mtu waliitumia. Maji ya ndimu yana pH ya kwenye 2, na kuna vitu ndani yake ambavyo vikipigwa na jua vikiwa kwenye ngozi vinaunguza. Nimeona dada mmoja, muuza juisi, ana michirizi myeusi mikononi pale maji ya ndimu yalipokuwa yanatiririkia akiwa juani. Hiyo ni mikono, ambayo hata hakukusudia kuipaka.

Na kuna wale wanaonong'ona, "Dada, huna ile ya kutakatisha haraka?" Sina, na sichanganyi mkorogo. Hidrokwinoni na zebaki, zinazotiwa kwenye krimu za namna hiyo, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa TBS, shirika la viwango, zamani ilikuwa kwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Kwa hiyo sabuni au krimu isiyo na orodha ya viambato, isiyo na jina la kiwanda wala tarehe ya kuisha muda, mimi siinunui hata ikiwa buku. Muuzaji akikwambia "hii ya Kongo, hii ya Thailand, inafanya siku tatu", mshukuru uende duka la pili.

Baada ya kuosha, kabla uso haujakauka, napaka glisarini kidogo sana niliyoichanganya na maji ya waridi. Ile ya duka la dawa, chupa ndogo. Peke yake inanata na vumbi linakaa juu yake, ndiyo maana lazima ichanganywe. Wenye madoa wanahitaji pia mafuta ya kuzuia jua, na hapo chini ya elfu kumi sijapata ya kuisifia. Kofia ya bodaboda yenye kioo cha giza inasaidia kiasi.

Limebaki suala la vipele vya ndevu, ambalo ndilo wateja wangu wengi wanadhani skrabu italimaliza. Nywele zetu zinajikunja. Ukizinyoa chini kabisa, ncha yake inachongeka na ikianza kuota inarudi kuchoma ngozi ile ile. Ukisugua kipele hicho kwa skrabu ya punje unakipasua. Kinachosaidia ni sabuni yenye salisiliki, taulo la moto kabla ya kunyoa, na kuacha ndevu fupi kidogo badala ya kufyeka mpaka kwenye ngozi. Hilo la mwisho nimemwambia kinyozi wetu mara nyingi. Anasema wateja wanataka kidevu kiteleze, na asiyetelezesha yeye atatelezesha wa saluni ya pili, kwa hiyo mimi nishike taulo langu na yeye ashike mashine yake. Kwa sasa namwekea karibu kile kikofia cha mashine cha namba moja, na kwa wateja wenye vipele nawahi kuongea nao kabla hawajakaa kwenye kiti chake.