Nilivyomwingiza Zuhura kwenye riwaya yangu

Mhasimu mtu mzima ana nyenzo zake. Ana fedha, ana cheo, ana watu wa kuwatuma, na kisasi chake kina historia ndefu. Zuhura wangu ana miaka 16, sketi yake ya shule imeanza kumbana, na akitaka kutoka jioni lazima aombe ruhusa. Isitoshe, haoneshi hisia: halii, hafoki, hajigambi. Nilitaka msomaji amwogope tangu anapotokea mara ya kwanza, na papo hapo atamani kumwona tena, bila msimuliaji kumnong'oneza kwamba huyu ni hatari.

Niliamua mapema kwamba kichwani mwake haingii mtu. Usimulizi maizi, ule unaojua siri za kila mhusika, ungemmaliza Zuhura kabla hajaanza, kwa sababu ukishajua anachowaza huna tena cha kukisia. Kwa hiyo anayesimulia ni mwanafunzi mwenzake, msichana anayemwonea wivu kidogo na kumwogopa zaidi ya anavyokubali. Graham Greene alilifanya jambo la jamii hiyo kwa njia yake katika Brighton Rock ya mwaka 1938. Pinkie ana miaka 17 na ndiye mkuu wa genge, lakini riwaya inaanza na Hale, mtu anayejua kwamba anawindwa ili auawe. Hofu ya anayewindwa inatangulia, mwindaji anafuata nyuma, na hata baadaye msimuliaji anapenda kumwita Mvulana tu.

Tukio langu ni dogo kuliko hilo. Mtoto wa darasa la chini anaporomoka kwenye ngazi za shule na kuvunjika mkono. Kilio kinafika darasani, mwalimu anatoka mbio, wanafunzi wanasukumana mlangoni. Zuhura anamalizia kunakili mstari wa mwisho wa ubaoni, anafunika kalamu, anatoka. Anachuchumaa kando ya mtoto na kumwuliza: “Ulianzia ngazi ya ngapi?” Mtoto anashangaa hata anaacha kulia, anamjibu. Zuhura anapanda moja moja mpaka ngazi hiyo, anasimama, anatazama chini. Kisha mwalimu anaagiza watu wapishe, na sura inaendelea na mambo mengine.

Swali hilo moja lilinichukua muda kuliko sura yote iliyobaki. Angeuliza “Umeumia?”, angekuwa msamaria. Angetupa kejeli, angekuwa mkorofi wa kawaida tu, na wakorofi hawana fumbo, unajua wanachotaka. Zuhura anataka kujua kitu, na kitu hicho si maumivu ya mtoto. Hapo nikapata kanuni ya mazungumzo yake yote: anauliza wapi, lini, wangapi. Hamwulizi mtu anajisikiaje. Msimuliaji halisemi hilo hata mara moja, lakini wasomaji wa mswada waliligundua wenyewe, na mmoja wao aliniambia alianza kuyasubiri maswali yake kwa woga.

Kesho yake nikamfanya arudishe kiatu cha yule mtoto kilichochomoka wakati wa kuanguka. Kimefutwa vumbi, kamba zimefungwa vizuri. Ni wema? Alikichukua saa ngapi, na alikuwa nacho usiku kucha kwa ajili gani? Nakipenda kiatu hicho kuliko kitu kingine chochote kwenye sura ile, kwa sababu kinakataa kusomeka upande mmoja.

Nilisoma pia vitabu vya tiba, na vilinifaa kuliko nilivyotarajia. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, hauruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 apewe utambuzi wa haiba ya kupuuza haki za wengine, ile ambayo watu mtaani huiharakisha kwa kumwita mtu katili wa kuzaliwa. Kwa vijana wenye mwenendo wa kuvunja kanuni, unaeleza dalili kama kutojutia, kutojali hisia za wenzao na hata kutojali matokeo ya masomo, na unataka zionekane kwa angalau miezi 12, katika mahusiano na mazingira zaidi ya moja. Tena maelezo ya kijana mwenyewe hayatoshi. Wasikilizwe wazazi, walimu na wenzake.

Jina la ugonjwa sikuliweka popote, maana msomaji akishapewa jina anaacha kutazama. Nilichochukua ni ule utaratibu wa mashahidi. Baada ya ngazi, mwalimu wa hesabu anaonesha karatasi tupu ya Zuhura, ya mtihani ambao yeye mwenyewe alikuwa amewaelekeza wenzake wawili majibu. Kisha tunafika nyumbani kwao, na tunamkuta mama yake akibisha hodi kwenye mlango wa chumba cha binti, anasubiri, na akifunguliwa anasema asante. Sikuandika neno zaidi kuhusu familia hiyo katika sehemu ya kwanza.

Lakini yeye ni mtoto bado, na nilipigania hilo kila ukurasa. Anasinzia darasani. Ana chunusi kidevuni na anazificha kwa kiganja akizungumza na wavulana. Bila vitu hivi angekuwa zimwi lenye sare, na zimwi halimsumbui msomaji akishafunga kitabu.

Maisha yake ya utotoni yamo, ila nimeyasogeza mpaka baada ya nusu ya riwaya. Na hata hapo anayeyasimulia ni bibi yake, ambaye ana sababu zake za kumtetea.