RAV4 au Forester: nilivyochagua gari la kupeleka sare Rhino Camp

Kijiti cha mwanzi chenye urefu wa sentimita 150 ndicho nilichozunguka nacho kwa siku tatu kwenye bondi za Nakawa, Kampala, yadi yanakouzwa magari yaliyoagizwa kutoka nje. Nilikikata kikawa sawa na jora la kitambaa. Kazi yangu ni kushona sare za shule hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kuzipeleka mpaka kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Yumbe, na gari lisiloweza kulaza jora si gari langu, hata ling'ae namna gani. Nilifungua buti, nikalaza viti vya nyuma, nikaingiza kijiti, ndipo nikauliza bei.

Mwishoni yalibaki mawili: Toyota RAV4 ya 2012 na Subaru Forester ya 2013. Kijiti kilipita kote kuwili. Bei zilipishana shilingi za Uganda milioni 3 tu, Forester ikiwa juu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mwaka wa gari na umri wa umbo lake, yaani toleo lake, ni vitu viwili. Sheria yetu tangu 2018 inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo kila muuzaji anataja mwaka kwanza, na sisi wanunuzi tunaishia hapo. Lakini Wajapani waliendelea kuuza kwao RAV4 ya umbo la tatu, lile lililotoka 2005, hadi 2016. Umbo la nne halikuuzwa kule. RAV4 ya 2012 inayokuja kwetu kutoka Japani basi ni mchoro wa 2005. Forester ya 2013 ni umbo lililotoka mwishoni mwa 2012. Sisemi mchoro wa zamani ni mbaya. Mafundi wameuzoea, na kuna faida kubwa hapo. Ila ujue unacholipia.

Kila mtu niliyemuuliza alinijibu Toyota. Kaka zangu, jirani, hata dereva wa basi. Niliwasikiliza, lakini hakuna aliyenieleza gari litafanya nini kwenye njia yangu mwezi wa tisa, wakati wa mvua. Bondini wanakuzungusha juu ya lami dakika kumi, unarudi unatabasamu. Mimi nilitaka kilomita za kweli. Mwalimu mkuu mmoja ninayemshonea sare ana RAV4 ya aina ile ile. Nikamwomba nimjazie petroli, aendeshe mwenyewe, mzigo wangu uwe nyuma, twende Rhino Camp na kurudi. Shemeji yangu wa Bombo, karibu na Kampala, ana Forester, naye alipokuja Arua kwa arusi sikumwacha alale mpaka alipokubali kwenda njia hiyo hiyo asubuhi yake. Kote kuwili tulijaza tangi mpaka juu, tukaenda, tukarudi kujaza pampu ile ile.

Kwa petroli, RAV4 ilinipa kilomita 9.2 kwa lita, Forester 10.8. Sishangai sana, maana RAV4 ina injini ya lita 2.4 na Forester ya lita 2.0. Lakini nguvu nazo zina mahali pake. Ile ya lita 2.4 ina nguvu za farasi 170 dhidi ya 148, na tofauti hiyo unaihisi ukiwa na mzigo mlimani. Baadaye, nikirudi na kitambaa kutoka Kampala, nimeikumbuka RAV4 kila ninapotoka Pakwach kupanda kwenda Nebbi.

Kilichoniamulia kilikuwa chini ya gari. Malori yanayopeleka mizigo kambini huchimba mifereji miwili barabarani na kuacha mgongo katikati, na mvua ikinyesha mgongo huo unabaki mgumu huku pembeni kukizama. Tumbo la RAV4 liko milimita 190 kutoka ardhini, la Forester 220. Milimita 30 ni upana wa vidole viwili. Tukiwa na mzigo na watu watatu, tulisikia ardhi ikikwaruza chini mara nne kwenye safari ya RAV4, na siku ile palikuwa pakavu. Kosa lilikuwa la barabara na uzito niliopakia. Kwa Forester tulipita mahali pale pale baada ya mvua ya usiku kucha, tukakwaruza mara moja. Nayo magurudumu yote manne huvuta wakati wote bila dereva kubonyeza kitu, wakati RAV4 ya 4WD huvuta kwa mbele zaidi na kuyaita ya nyuma inapohitaji, au ukibonyeza kitufe cha kufunga, ambacho nacho hujiachia ukipita mwendo wa kilomita 40 kwa saa.

Nilikuwa karibu kulipa Forester hapo hapo. Fundi wangu wa Arua akanishika mkono. "Mama, umeuliza spea?"

Sikuwa nimeuliza. Nikaandika orodha ya vitu vitano: pedi za breki, shokabzoba ya mbele, beringi ya gurudumu, filta ya hewa na linki ya stebilaiza. Nikaingia maduka matatu mjini nikiuliza bei ya kila kimoja kwa magari yote mawili. Za RAV4 nilizipata zote kabla ya adhuhuri. Za Forester nilipata mbili. Tatu zilizobaki ilibidi ziagizwe Kisekka, soko la spea la Kampala, zipande basi la usiku zifike asubuhi. Nikajiuliza: je, ninaweza kusimama siku moja nikisubiri basi? Ninaweza. Mtu wa teksi anayelipa kila siku hawezi, na yeye ningemwambia achukue RAV4 bila kufikiri mara mbili.

Kisha fundi akanieleza habari ya matairi, nami naieleza kwa urefu kwa sababu bondini hakuna aliyeigusa. Gari linalovuta magurudumu manne wakati wote linataka matairi manne yaliyo sawa: saizi moja, aina moja, na kulika kwa kiasi kimoja. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lililolika, kwa hiyo huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na tofauti hiyo inabebwa na mitambo ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Inapata moto, inalika polepole, nawe huoni kitu mpaka siku ya gharama. Hapa kwetu tuna desturi ya kununua tairi moja lililotumika pindi moja likipasuka. Kwa gari hili desturi hiyo iache. Jiwe moja la njia ya Yumbe likichana ubavu wa tairi, huenda ukanunua manne. Nikaiweka bei ya matairi matano mapya, manne na la spea, juu ya bei ya gari, nikaona bado ninaweza.

Tairi la spea nalo lina neno lake. RAV4 niliyoiona hulibeba nje, mgongoni, kwenye mlango wa nyuma unaofunguka kwa ubavu. Ukipata pancha hugusi mzigo, ila mlango unataka nafasi, na soko la Arua halina nafasi. Forester hufunguka kwenda juu, unapakua umekingwa mvua, lakini spea iko chini ya sakafu ya buti: pancha moja, unashusha sare zote kando ya barabara.

Niliporudi Kampala nilimpitia mama yangu, Bombo. Magoti yake yanamsumbua. RAV4 alipanda akishika mlango na kusita kidogo kushuka; kwenye Forester alikaa, akageuza miguu, akatulia. "Hili, mwanangu," akasema, hakuongeza. Mwalimu mkuu ana mama mfupi zaidi na aliniambia kwao ni kinyume kabisa, kwa hiyo mpeleke mzee wako mwenyewe.

Forester ya kwanza niliyotaka kulipia niliiacha. Mita ilisema kilomita 68,000. Nilipofungua mlango wa dereva nikaona kibandiko cha Kijapani cha kubadilisha oili, na tarakimu zake zinasomeka na yeyote: 118,000. Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani, inayoandikwa hali ya gari na kilomita zake, ilinganishwe na namba ya chesi. Muuzaji akaniambia imepotea. Nilitoka nikiwa na hasira, kwa sababu watu wengi hufika pale na akiba ya miaka kumi. Bondi nyingine walikuwa na karatasi, hali ya gari daraja la 4, kilomita 96,000, na mita ikasema hivyo hivyo. Hiyo ndiyo niliyonunua. Redio yake ilikuja ya mawimbi ya Japani, haishiki stesheni zetu nyingi. Fundi wa redio aliimaliza kwa saa moja.

Nimefika mvua ya pili sasa. Spea ya Kijapani, lile tairi jembamba la muda, nimeitoa na kuweka tairi la tano kamili. Sakafu ya buti imeinuka kidogo na jora bado linalala. Kila kilomita 5,000 fundi huyazungusha yote matano, la ndani linatoka kufanya kazi na moja linaingia kupumzika, ili siku jiwe la Yumbe likichagua moja niwe na la kufanana nalo.